Musaza wa Claudette

Scovia alikuwa anakoleza mraba kwa penseli. Katika michoro ya koo, mraba ni mwanamume na duara ni mwanamke. Mraba ukijazwa weusi, huyo aliugua. Ukikatwa kwa mstari wa mshazari, huyo ameshafariki. Mraba huu alikuwa ameuchora mara ya kwanza haraka haraka, kwenye karatasi iliyochakazwa na kifutio, na sasa alikuwa anaunakili upya, kwa sababu Dokta Mugabo hakupenda mchoro mchafu uingie kwenye faili la wanaokwenda kupasuliwa.

Ng'ambo ya meza alikaa Claudette, viganja vyake vimetulia juu ya tumbo la miezi saba. Dirisha lilikuwa wazi. Chini, mtaa wa Gisimenti wa jijini Kigali ulikuwa unaamka taratibu: mtu anaburuta viti vya baa, mwingine anamwaga maji barazani na kugombana na fagio.

"Mama Shimwa, nivumilie kidogo," Scovia alisema. "Nikimaliza hapa nakupa kalamu."

"Sina haraka, dada. Kiwandani wamenipa ruhusa ya siku nzima. Watakata mashati bila mimi, tuone kama yatakuwa na mikono miwili."

Alicheka peke yake. Kalamu aliyokuwa akingoja ilikuwa ya kutilia sahihi karatasi ya ridhaa iliyokuwa mbele yake. Mtoto wake wa kwanza, Shimwa, alizaliwa kwa upasuaji, na huyu wa pili, wa kiume, angetoka kwa njia hiyo hiyo. Claudette alikuwa ameomba wakishamtoa wamfunge kizazi papo hapo. Hakuomba kwa kupenda. Yeye na mumewe Armel, dereva wa lori ambaye wakati huo alikuwa upande wa Rusumo, mpakani, walikuwa wamepanga watoto wanne, na majina ya wawili yalikuwa yameshachaguliwa. Lakini wiki kadhaa nyuma aliambiwa katika kliniki hii hii kwamba anabeba jeni ya hemofilia, tena bila shaka yoyote, na kwamba kila mtoto wa kiume atakayemzaa atakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuzaliwa na ugonjwa huo. Hemofilia ni ugonjwa wa damu isiyoganda. Jeraha dogo huvuja siku nzima, magoti huvimba kwa damu inayomwagika ndani, na jino liking'olewa nyumba nzima hailali. Claudette alikuwa ameyaona hayo utotoni kwa macho yake. Akasema huyu aliye tumboni nitamlea jinsi Mungu atakavyomleta, ila mwingine sitamwita aje kuteseka.

Scovia alikuwa muuguzi, na kazi yake katika kliniki ilikuwa kukaa na watu kama hao, kuwauliza habari za ndugu zao na kuchora. Alikuwa na utaratibu mmoja aliouheshimu kuliko yote: usimbadilishie mtu neno lake. Mgonjwa akisema "ile homa ya mifupa," nawe sema hivyo hivyo. Ukimletea jina la kitabuni ataona aibu, na atakunyima nusu ya habari. Na kwa kuwa Kinyarwanda cha Scovia kilikuwa bado kinajikwaa, wakati Claudette alikulia Bujumbura, tangu siku ya kwanza walikubaliana kuzungumza Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake.

"Hapa sikukuuliza," Scovia alisema bila kuinua kichwa. "Alifariki akiwa na umri gani?"

"Nani?"

"Musaza wako."

"Kumi na mmoja."

"Hiyo ni miaka iliyopita tangu afariki. Nauliza umri. Alikuwa mtu wa miaka mingapi?"

"Si ndiyo nakuambia! Kumi na mmoja. Alikuwa wa tano."

"Wa tano kuzaliwa?"

"Darasa la tano, dada. Na akili alikuwa nayo, siyo mimi. Mimi nilikuwa naiba majibu yake."

Penseli ilisimama. Scovia aliutazama mraba mweusi, akautazama mstari ulioshuka kutoka kwenye ule mraba hadi kwenye duara la Claudette, mstari ambao kwa lugha ya michoro husema huyu ni mzazi na huyu ni mtoto.

"Mama Shimwa," alisema polepole, "musaza wako alikuzaa akiwa darasa la tano?"

Claudette alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili.

"Azae nani? Eustache? Yule hata kamba za viatu alikuwa anafungiwa na mama! Dada Scovia, umekunywa chai leo?"

"Baba yako, basi?"

"Papa? Si huyo hapo nje kwenye benchi! Mbona umemsalimia wewe mwenyewe? Umemwambia karibu mzee, akakwambia starehe."

"Nilijua ni baba mkwe wako."

"Baba mkwe wangu akikaa kwenye benchi ile, magoti yanafika kule kwenye ngazi. Huyo ni papa wangu. Ndihokubwayo. Hajafa. Jana alikula sahani mbili za maharage, alilala akilalamika."

Scovia aliweka penseli chini. Masikio yalimwaka moto.

Neno lilikuwa lile lile, wote wawili walilitamka sawasawa, na kila mmoja alimwona mtu wake ndani yake. Scovia alizaliwa na kukulia Karagwe, kwa wazazi Wanyarwanda waliozoea kuongea Kiswahili na watoto. Kigali alikuja akiwa mtu mzima. Hapa kila siku alisikia watu wakisema umusaza, wakimwonyesha mzee fulani mwenye fimbo au mvi, naye akajua umusaza ni mzee. Na huko alikokulia, mtu akisema "mzee wangu" anamtaja baba yake. Kwa hiyo Claudette aliposema, siku ile ya kwanza, "musaza wangu alivuja damu mpaka akafa," Scovia alisikia: baba yangu. Akalichukua neno kwa adabu, kama alivyojizoeza, na akalirudisha mara nyingi: musaza wako aliugua tangu lini, musaza wako alitibiwa wapi. Claudette naye akajibu kila swali kwa uchungu wa dada, kwa maana musaza wa mwanamke, kwa Kirundi kama kwa Kinyarwanda, ni kaka yake. Kwao Scovia walizaliwa wasichana watano watupu. Hakuna aliyekuwa na musaza wa kumwita, na neno halikupata kazi ndani ya nyumba ile.

"Nimekosea," Scovia alisema. "Nimekosea mimi, tena vibaya. Dokta alikuambia yale kwa sababu ya mchoro wangu. Nilimweka kaka yako mahali pa baba yako."

Kicheko cha Claudette kilikuwa kimeisha. "Sasa ina maana gani? Ugonjwa ni ule ule, ama?"

"Ugonjwa ni ule ule. Hesabu ndiyo siyo ile. Ngoja nikuonyeshe."

Alivuta karatasi nyingine. Alikwisha kueleza jambo hili kwa watu wengi na alijua mahali wanapopotea, kwa hiyo alikwenda pole. Jeni, alisema, ni maagizo; na maagizo yamefungwa katika mafungu yanayoitwa kromosomu. Agizo la kugandisha damu, hili ambalo huharibika katika hemofilia, liko kwenye kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana moja tu, na pembeni yake ana nyingine fupi, Y, isiyo na agizo hilo.

"Ngoja," Claudette alisema. "Hiyo ni patroni."

"Nini?"

"Patroni. Ile karatasi tunayokatia nguo kiwandani. Pale Masoro kiwandani tuna karatasi moja ya bega, tunakata mashati elfu. Siku moja ilikunjwa, ikakosewa kidogo tu hapa kwenye kwapa, kila shati likatoka linabana. Hakuna fundi aliyekosea. Wote walifuata karatasi."

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Mwanamke ana patroni mbili za bega. Moja ikiwa mbovu, anakatia kwa ile nzima, na shati linatoka."

"Na mwanamume anayo moja."

"Anayo moja. Ikiwa mbovu, hana ya kukimbilia."

Claudette aliinama juu ya karatasi. Alikuwa mtu wa kazi ya mikono, na sasa alikuwa amepata pa kushika. "Papa angekuwa nayo mbovu, angenipa mimi hiyo hiyo, kwa kuwa hana nyingine."

"Bila shaka yoyote. Ndiyo maana dokta alisema hakika. Lakini kama mgonjwa alikuwa kaka yako, yeye patroni yake alipewa na mama. Baba humpa mwanawe wa kiume ile fupi. Na mama, kama anazo mbili, moja nzima na moja mbovu, wewe huenda alikupa ile nzima. Ni nusu kwa nusu. Na kuna jambo jingine: mara nyingine karatasi za mama ni nzima zote mbili, na kosa linatokea siku ile ile ya kunakili, kwa mtoto yule mmoja tu. Hutokea. Si mara nyingi, lakini hutokea. Hapo wewe huna lolote."

"Na huyu?" Claudette aligusa tumbo.

"Kwa tunavyojua leo, uwezekano wa kuugua ni robo, au chini yake. Siyo nusu. Na hata kama anayo, tunajua mapema. Watamtoa kwa uangalifu, watapima damu ya kitovu, dawa itakuwa karibu. Kaka yako hakupata hata kimoja katika hivyo."

Claudette alikuwa ameweka mkono juu ya ile karatasi ya sahihi, kiganja kimefunika maandishi.

"Lakini nyumbani," alisema mwishowe, "siku zote tuliambiwa imetoka kwa papa. Damu ya kwa papa. Dokta aliposema upande wa baba, mimi nikaitikia, kwa sababu nilikuwa najua. Papa mwenyewe ndiye alisema."

Scovia aliinuka, akafungua mlango.

Mzee Ndihokubwayo aliingia amevua kofia. Alikuwa mtu mfupi, mnene kiasi, koti limefungwa vifungo vyote ijapokuwa jua lilikwisha kupanda. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akatazama uso wa mmoja na wa mwingine.

"Papa," Claudette alisema, "pole sana. Umekufa."

"Lini?"

"Wiki ngapi zilizopita sijui. Dada Scovia amekuchora na amekukata mstari."

Mzee aliegemea mbele, akautazama mraba. "Huyu mweusi ndiye mimi?" Akamgeukia Scovia. "Mwanangu, kama mmenizika, mngeniambia. Watu walikunywa nini?"

"Nisamehe, mzee wangu. Sikusikia vizuri kwamba u hai."

"Nimesamehe. Nimeona wenye kosa kubwa zaidi."

Scovia alimweleza, kwa maneno machache, patroni na yote. Alimwuliza kama aliwahi kuvuja damu kupita kiasi. Mzee akacheka, akapanua mdomo na kuonyesha mapengo mawili. Yote, alisema, alilipwa kwa ngumi huko Buyenzi, Bujumbura, ujanani, na siku ya pili yake alikwenda kazini. Lakini maelezo yalipofika mahali pa kaka na mama, kwamba mtoto wa kiume X yake hupewa na mama peke yake, mzee aliacha kucheka. Alianza kuizungusha kofia kwa vidole, ukingo wote, kisha tena.

"Papa," Claudette alisema, sauti yake imeshuka. "Wewe ulituambia ni ya kwenu."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Mlikuwa wadogo." Alikohoa. "Siku tulipomzika Eustache, dada zangu walikaa jikoni kwetu wakasema, mwanamke huyu ameleta damu mbaya. Walisema kwa sauti, ili asikie. Mama yako alikuwa ndani, amelala amegeukia ukuta. Mimi nikatoka nikawaambia, nyamazeni, hiyo ni ya kwetu, babu yetu alikuwa nayo, ninyi mlikuwa hamjazaliwa. Hakuna babu. Nilimtunga pale pale mlangoni. Baadaye nikashindwa kumrudisha alikotoka."

Scovia alitazama mikono yake. Alikuwa amesikia uongo wa kila namna chumbani humu, watu wakificha ugonjwa, ndoa, watoto. Huu hakujua auweke wapi, wala hakuona kwamba ni kazi yake kuuweka popote.

"Sasa mnataka nini kwa mke wangu?" mzee aliuliza.

"Damu kidogo," Scovia alisema. "Eustache hayupo, hatuwezi kumpima. Tukiipima damu ya mama na kulipata kosa, tutajua ni kosa gani hasa tunalitafuta kwa Claudette. Bila yeye tunapapasa gizani. Na kile kipimo cha kawaida, cha nguvu ya damu kuganda, hakisemi ukweli wakati wa ujauzito."

"Na likipatikana kwake?"

"Huenda likapatikana. Hakulitengeneza, mzee. Hakuna chakula alichokula wala dhambi aliyofanya. Ni karatasi iliyokunjika kabla hajazaliwa."

"Unasema hivyo kwa Kiswahili kizuri," mzee alisema. "Jikoni hawasemi hivyo."

Claudette alikuwa ameshatoa simu. Mzee akanyoosha mkono. "Nipe mimi niongee naye."

"Hapana, papa. Wewe utamtungia babu mwingine."

Alipiga. Mama yake, Illuminée, alikuwa nyumbani kwao Busanza pamoja na mjukuu. Simu iliwekwa sauti ya juu, na kwanza ilisikika sauti ya Shimwa akidai kwamba bibi amemnyima sukari, kisha bibi mwenyewe akisema mwenye kusema hivyo ana sukari mpaka kwenye nyusi.

"Mama," Claudette alianza, kisha akakwama. Alimtazama Scovia. Scovia hakumsaidia, aliona si mahali pake. "Mama, ile damu ya Eustache. Hapa wanasema haikutoka kwa papa. Haiwezi kutoka kwa papa."

Upande wa pili sufuria iliwekwa chini.

"Kwani ninyi mlidhani nilimwamini?" mama alisema.

Mzee alifumba macho.

"Baba yako hajui kudanganya," sauti iliendelea. "Yule babu kila mwaka alikuwa anabadilisha jina. Nilimwacha tu. Mwanamume akikufunikia kitu, huvui ukamrudishia mbele ya dada zake." Akavuta pumzi. "Wewe wanakuambiaje?"

"Labda ninayo. Labda sina. Wanataka damu yako ndiyo wajue. Mama, siyo lazima. Kama unaona ni vibaya..."

"Na usipojua unafanyaje?"

Claudette hakujibu. Alikuwa hajamwambia mama yake habari ya kufungwa kizazi. Lakini mama aliyemzaa alisikia kimya kile, akakielewa, au akaelewa sehemu yake iliyotosha.

"Claudette. Mimi nilimzaa Eustache, nikakaa naye miaka kumi na mmoja. Wangenipa tena miaka ile ile, na magoti yale yale, ningechukua. Sisemi uzae, sisemi usizae. Nasema usiamue kwa ajili ya kitu ambacho hata hujui kama unacho." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Wanatoa mkono upi?"

"Wowote, mama," Scovia aliita kutoka upande wake wa meza.

"Basi wa kushoto. Wa kulia una kazi. Nitakuja kesho nikitoka misa. Na mwambieni huyo marehemu arudi na unga, umekwisha."

Simu ilikatika. Mzee Ndihokubwayo alivaa kofia, akaivua tena akikumbuka yuko ndani ya nyumba, akatoka bila kuaga ili watu wasimwone uso. Claudette aliisogeza kalamu kwa kidole mpaka upande wa Scovia.

"Hii ikae," alisema. "Sijakataa. Nasema ikae."

"Ikae. Bado una wiki kadhaa. Na hata majibu yakiwa mabaya, uamuzi utakuwa wako, siyo wa mchoro wangu."

"Mchoro wako," Claudette alisema akiinuka kwa kujishika kiti, "uniletee niuone kabla hujampa dokta. Nisije nikakuta nimeolewa na papa."

Alipokwisha kwenda, Scovia alipanda ghorofa ya juu kwa Dokta Mugabo na kumweleza kosa lake lote, bila kuliremba na bila kulikuza. Dokta alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mdomoni. Yeye alikulia Kampala, na alikiri kwamba Kinyarwanda chake nacho ni cha kuazima. "Nami nilikuwa na mdomo wa kuuliza, sikuuliza," alisema. "Nitampigia Mama Shimwa simu mimi mwenyewe, nimwombe radhi. Wewe chora upya. Na twende tukaifungue ile michoro mingine tuliyochora na kina mama, tuulize tena kila mahali penye neno hilo."

Hiyo ilikuwa kazi ya siku nyingi. Scovia alishusha michoro kadhaa kutoka kabatini, akaiweka pembeni ya meza, kisha akaanza na huu wa Claudette. Alichora mraba mweupe wa Ndihokubwayo, mzima, bila mstari, na kando yake duara la Illuminée. Chini yao akachora mraba mweusi mdogo, akaukata kwa mshazari na kuandika Eustache, na kando yake duara la Claudette lenye alama ya kuuliza. Chini ya Claudette alichora duara la Shimwa, na umbo la yule ambaye hajazaliwa.

Akarudi juu, kwenye duara la Illuminée. Hapo alikuwa hana la kuandika. Hakujua kama mama huyo ana kaka, kama walikuwa wazima, kama ana dada wenye wana wa kiume. Alikuwa amesahau kuuliza, na safari hii alitaka kumwuliza mwenyewe kesho, uso kwa uso. Aliandika jina la Illuminée kwenye kibandiko cha chupa ndogo ya damu, akaiweka tupu kwenye kishikio, akafunga dirisha. Ile michoro mingine ilibaki juu ya meza, wa kwanza umefunuliwa nusu.